Ethi Mbili Katika Sanduku Moja

Mchoro wa amplifaya una uongo mmoja, nao umechorwa waziwazi, wakati mwingine mara ishirini katika ukurasa mmoja. Ni ile alama ya ethi: kijistari kilichosimama, chini yake vijistari vitatu vilivyolala, kila kimoja kifupi kuliko cha juu yake. Mchoraji huiweka chini ya valvu ya kwanza, akaiweka chini ya kapasita kubwa ya umeme, kwenye tundu la spika na kwenye tundu la gramafoni, na kwa kufanya hivyo anatuambia kwamba sehemu zote hizo ni mahali pamoja. Kwenye karatasi ni kweli. Ndani ya sanduku si kweli, na kila aliyewahi kuunda amplifaya kwa mikono yake anakumbuka alivyolijua hilo: aliwasha, akangoja muziki, akasikia mmmmm.

Mimi ni fundi redio, Ngamiani, Tanga. Kazi nilifunzwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa na kabati zima la michoro iliyochanwa kutoka majarida ya Kiingereza. Mengi ya majarida hayo aliyapata kwa mameneja wa mkonge waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao baada ya mashamba kutaifishwa. Walichukua fenicha, wakaacha karatasi. Kwa hiyo historia ninayoisimulia hapa kwa sehemu kubwa si ya Tanga. Ni ya Waingereza na Wamarekani waliokesha kwenye meza za jikoni kwao wakiunda amplifaya. Ila sisi tulirithi michoro yao, plagi yao na mvumo wao, na huo mvumo ndio uliokula sehemu nzuri ya umri wangu.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu mambo haya hugeuka uchawi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa miliohmu 17 hivi kwa kila mita. Sentimita 10 za waya huo basi ni miliohmu 1.7. Mita ya fundi haiuoni ukinzani huo, itakuandikia sufuri. Lakini fikiria kapasita kubwa ya kusafishia umeme. Haijazwi polepole. Rektifaya hufunguka kwa kitambo kifupi tu, pale wimbi linapofika kileleni, mara 100 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Amplifaya inayokula ampea 2 kwa wastani inaweza, katika vitambo hivyo, kuvuta ampea 10. Ampea 10 zikipita katika miliohmu 1.7 zinaacha milivolti 17. Sasa katriji ya sumaku inayosoma santuri hutoa milivolti 5 hivi. Ukiwa umeunga ethi ya gramafoni upande mmoja wa zile sentimita 10 na ethi ya kapasita upande wa pili, mwimbaji wako amezidiwa zaidi ya mara tatu na kipande cha shaba kisichofika urefu wa kiganja. Wapangaji wa nyumba yenye bomba moja la maji wanalijua jambo hili: mwenye nyumba akifungua kwake, kwako yanapungua, ingawa bomba halina kosa lolote.

Zamani hakuna aliyeyajali haya. Redio za miaka ya 1930 zilivuma zote, lakini spika zake ndogo ndani ya masanduku ya mbao hazikuwa na uwezo wa kutoa hezi 50 za kusikika. Spika nyingi za wakati ule hazikuwa na sumaku ya kudumu; sumaku yake ilikuwa koili iliyopewa umeme uleule mchafu wa redio, na watengenezaji wakaongeza koili nyingine ndogo iliyozungushwa kinyume ili mvumo uuane na mvumo. Ujanja mzuri, na ulitosha. Kwetu tatizo lilikuwa dogo zaidi, kwa sababu watu wengi wa kanda hii walianza na redio za betri. Ile redio ya duara waliyoiita sufuria, iliyotengenezwa na Ever Ready kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1949 na kuuzwa kwa pauni 5, ilikuwa ya betri. Redio ya betri haina cha kuvuma.

Mvumo ulifufuliwa na muziki mzuri. Wakati wa Vita vya Pili, kampuni ya santuri ya Decca huko London ilipewa kazi ya kurekodi sauti za nyambizi kwa ajili ya kuwafundisha askari wa anga kuzitofautisha, na ili kuifanya kazi hiyo wahandisi wake ilibidi warekodi mpaka hezi 14,000 hivi. Vita vilipokwisha, ustadi ule ukaingia kwenye santuri za kawaida. Ghafla mtu alikuwa na santuri nzuri kuliko kila kitu kingine alichokuwa nacho nyumbani. Alihitaji amplifaya ya kuistahili, na madukani haikuwako ya bei yake.

Hapo ndipo anapoingia D. T. N. Williamson, Mskoti aliyezaliwa 1923, mfanyakazi wa kampuni ya valvu ya Marconi-Osram. Katika matoleo ya Aprili na Mei 1947 ya jarida la Wireless World alichapisha mchoro wa amplifaya ya wati 15, yenye valvu mbili za KT66 mwishoni, na uharibifu wa sauti usiozidi asilimia 0.1. Namba hiyo ilikuwa ya kushangaza. Siri yake ilikuwa fidibeki: alichukua sehemu ya sauti inayotoka kwenye transfoma ya spika, akairudisha mwanzoni na kuilinganisha na iliyoingia, kiasi cha kupunguza makosa ya amplifaya mara 10. Waingereza wakaichangamkia. Vitu vilikuwa kwa mgawo, lakini maduka ya Lisle Street na Tottenham Court Road jijini London yalijaa mabaki ya jeshi: valvu, transfoma, kapasita ndani ya makopo ya kijani. Mtu alinunua mabaki, akachukua jarida, akaanza kutoboa bati.

Fidibeki ya Williamson ilipunguza pia mvumo uliozaliwa ndani ya amplifaya yenyewe. Lakini fidibeki haina namna ya kuujua mvumo ulioingia pamoja na wimbo. Kama umeingia mlangoni ukiwa umeshikana mkono na mwimbaji, utakuzwa kama mwimbaji. Hili baba mdogo alikuwa akilisema kwa maneno makali kuliko yangu, hasa kwa wateja waliodhani kubadilisha valvu ndiyo dawa ya kila kitu.

Wajenzi wa enzi ya valvu walipata desturi zao, na ninaziheshimu mpaka leo. Walipitisha waya mnene wa shaba, mtupu, kutoka mwisho wa amplifaya hadi mwanzo wake, wakaunga kila ethi juu ya waya huo kwa mpangilio: umeme kwanza, kisha valvu kubwa, kisha ndogo, na mwisho tundu la kuingizia sauti. Waya haukugusa bati la chesisi popote isipokuwa mahali pamoja, karibu na tundu hilo la kuingizia. Waya za kuchemshia valvu, zile za volti 6.3, walizisokota pamoja na kuzibana kwenye kona ya chesisi. Zaidi ya hayo Williamson aliweka umeme kwenye chesisi yake na amplifaya kwenye yake, na alipochapisha hatua za kwanza za gramafoni mwaka 1949, nazo zilikuwa pembeni. Vyombo vitatu juu ya meza, kila kimoja mbali na mwenzake. Umbali ulifanya nusu ya kazi bila malipo.

Desturi hizo, hata hivyo, hazikuwa kwenye mchoro. Mchoro ulikuwa na vijistari vitatu tu. Zilikuwa kwenye maelezo, kwenye picha ya upande wa chini wa chesisi, na zaidi ya yote kwenye mikono ya aliyewahi kukosea. Ndiyo maana nawapa Wamarekani sifa yao. Kampuni ya Heath, ya Benton Harbor huko Michigan, iliuza amplifaya za namna ya Williamson kama vifurushi vya kujiundia, na kitabu chake kilikuwa na mstari kwa kila waya: chukua waya wa urefu huu, unga hapa, usilehemu bado, unga pale, sasa lehemu. Kila mstari na kisanduku chake cha kutia alama. Dynaco, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1955, ilikwenda mbele zaidi: amplifaya yake ya Stereo 70 ya mwaka 1959 ilikuja na bodi ya sakiti iliyokwisha kulehemiwa kiwandani, mnunuzi akabaki na transfoma na waya za kuunganisha. Mnunuzi wa vifurushi hivi hakuchagua ethi iende wapi. Alichaguliwa. Amplifaya zikanyamaza kwa maelfu, na walioziunda hawakujua kwa nini zimenyamaza, kwa hiyo walipojaribu kuunda za kwao wenyewe zilivuma.

Uingereza, Mullard walitoa mchoro wa 5-10, valvu 5 kwa wati 10, katikati ya miaka ya 1950. Mullard ilikuwa mali ya Philips, na valvu za Philips ndizo zilizofika kwetu kwa wingi, hivyo mchoro huo ndio uliokuwa umechakaa kuliko yote katika kabati la baba mdogo. Valvu yake ya kwanza, EF86, iliundwa makusudi isivume: uzi wake wa joto ulikunjwa ili mkondo wa kwenda ufute ule wa kurudi, na ndani ya kioo mlikuwa na wavu wa chuma wa kuzuia. Kampuni ilihangaika kiasi hicho ndani ya valvu. Nje ya valvu lilikuwa jukumu lako.

Halafu yakatokea mambo matatu karibu kwa mfululizo, na kila moja liliharibu amani ile ya vyombo vitatu.

La kwanza ni santuri ndefu, iliyotoka kwa Columbia Marekani mwaka 1948, na katriji za sumaku zilizoifuata. Sauti nzito hupunguzwa wakati wa kukata santuri, kwa hiyo amplifaya lazima iipandishe tena, kwa kipimo ambacho viwanda vilikubaliana mwaka 1954. Kwa kipimo hicho, hezi 50 hupandishwa mara 7 kuliko hezi 1,000. Yaani mahali penyewe ambapo umeme wetu unavuma ndipo amplifaya ya gramafoni inaposikia vizuri zaidi.

La pili ni stereo. Santuri za stereo zilipoanza kuuzwa 1958, amplifaya ikawa mbili. Waya mbili za skrini kutoka kwenye gramafoni, kila moja na ethi yake. Ethi hizo zimeungana kule kwenye gramafoni na zimeungana tena huku kwenye amplifaya. Umetengeneza pete ya shaba, na transfoma ikikaa karibu na pete itaisukumia mkondo, kwa sababu kusukuma mkondo ndani ya pete ya shaba ndiyo kazi ya transfoma. Wajerumani walilikwepa hili kwa plagi yao ya DIN, yenye pini moja ya ethi kwa pande zote mbili. Plagi ile watu waliidharau, pini zake nyembamba, kuilehemu adhabu. Mimi naiona kuwa ni wazo bora kuliko jeki za RCA zilizoishinda.

La tatu ni sebule. Watu walichoka na vyombo vitatu juu ya meza. Walitaka kisanduku kimoja chembamba cha mbao nzuri, na transista zikawapa. Leak Stereo 30, iliyotoka Uingereza 1963, ni mojawapo ya za mwanzo: hatua za gramafoni, vitufe vya besi na treble, wati zenyewe na transfoma ya umeme, vyote chini ya kifuniko kimoja. Na wajenzi wa nyumbani wakafuata mtindo. Sasa milivolti 5 na ampea 10 walikuwa wakilala chumba kimoja.

Transista zilikuwa na ubaya mwingine usiosemwa sana. Amplifaya ya valvu hutumia volti mia kadhaa na mkondo mdogo, pengine ampea 0.1 hadi 0.2. Transista hutumia volti chache na mkondo mkubwa. Wati 50 katika spika ya ohmu 8 ni ampea 2.5, na kileleni ni 3.5, na mkondo wote huo lazima urudi nyumbani kwa njia ya ethi. Kapasita zilizokuwa na maikrofaradi 32 zikawa na 4,700. Ule waya mnene wa shaba uliotosha kwa Mullard haukutosha tena; mkondo ulioupitia ulikuwa mkubwa mara ishirini na zaidi. Wazee walioleta desturi za valvu kwenye transista walishangaa kwa nini amplifaya iliyoundwa kwa heshima zote inakoroma.

Mtu aliyewasaidia wengi, bila kukusudia, ni John Linsley Hood. Aprili 1969, katika Wireless World ileile, alitoa amplifaya ya wati 10 yenye transista nne tu kwa kila upande. Ni ya daraja A: kwa spika ya ohmu 8 inavuta ampea 1.2 kutoka volti 27 muda wote, kuwe na muziki au kusiwe. Ni wati 32 za joto kwa kila upande. Hapa Tanga mwezi wa Februari hicho si kifaa cha kukaa nacho karibu. Lakini kwa kuwa vifaa ni vichache, mtu angeweza kuufuata kila mkondo kwa kidole, kutoka kapasita hadi spika na kurudi, na kuona kwa macho yake wapi mikondo miwili inagombea waya mmoja. Vijana ninaowafundisha huanza na mchoro huo. Wakishauelewa nawaonyesha nyota: bolti moja ya shaba baina ya kapasita mbili kubwa, au pembeni yao kidogo, na kila ethi inakuja kwenye bolti hiyo kwa waya wake pekee. Spika waya wake. Gramafoni waya wake. Transfoma haiji kwenye nyota kabisa. Inakwenda kwenye kapasita kwanza, imwage uchafu wake huko, na kutoka kwenye kapasita ndipo waya mmoja uende kwenye nyota. Wengi huunga transfoma moja kwa moja kwenye nyota kwa sababu mchoro unaonekana mzuri hivyo.

Nimesema hadi hapa juu ya ethi ya sauti. Kuna ethi nyingine ndani ya sanduku hilohilo, na mchoraji huichora kwa vijistari vitatu vilevile.

Mwaka 1947, mwaka wa Williamson, Waingereza walichapisha pia kiwango chao cha BS 1363: ile plagi ya pini tatu za bapa tunayoitumia Tanzania, Kenya na Uganda. Pini ya ethi ni ndefu kuliko wenzake. Inaingia kwanza, inafungua vifuniko vilivyoziba matundu mengine mawili, na inatoka mwisho. Kazi yake ni kwamba waya wa moto ukichomoka ndani na kugusa bati, mkondo ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike kabla ya mkono wa mtu. Ethi hii haihusiani na muziki. Amplifaya itaimba vizuri kabisa bila hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila Mswahili mwenye redio ya plagi ya pini mbili anajua kazi ya kijiti: unakisukuma kwenye tundu la ethi, vifuniko vinafunguka, unaingiza pini zako mbili. Kile ambacho wahandisi waliweka kiwe mlinzi kimekuwa mlango.

Rangi nazo ziliua watu. Kwa Mwingereza wa zamani, waya mwekundu ni moto, mweusi nyutro, kijani ethi. Kwa Mjerumani mpaka mwaka 1965, mwekundu ndio uliokuwa ethi. Kifaa cha Ujerumani kikifika kwenye nyumba ya plagi ya Kiingereza, fundi aliyezoea rangi za Kiingereza akaunga mwekundu kwenye pini ya moto, bati lote la kifaa linakuwa na volti 230. Kijani chenye mistari ya njano kilibuniwa ili rangi ya ethi isifanane na kitu kingine popote, na Waingereza walianza kukitumia kwenye waya za vifaa mwaka 1970, pamoja na kahawia na buluu. Pwani yetu, yenye redio za Grundig na Telefunken upande huu na plagi za Kiingereza upande ule, ilikuwa mahali pa mkanganyiko huo hasa. Baba mdogo hakuwa akiangalia rangi. Alifungua, akapima kutoka pini hadi bati, ndipo akafunga.

Ethi hizi mbili zikikutana vibaya zinatoa mvumo. Amplifaya imeungwa ardhini kwa plagi yake, redio au kinasa sauti nacho kimeungwa ardhini kwa plagi yake, na waya wa skrini umeviunganisha: pete nyingine, safari hii kubwa, inayopita ndani ya ukuta wa nyumba. Kukata pini ya ethi ya kifaa kimoja kunaivunja pete, na mvumo hupotea papo hapo. Ndiyo dawa ya haraka iliyopata kupendwa kuliko zote, na wanamuziki wa jukwaani waliipenda zaidi, kwa kuwa nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa kwenye ethi ya amplifaya yake, na mkono wa mpigaji umeshika nyuzi. Tarehe 3 Mei 1972, katika ukumbi wa Top Rank mjini Swansea, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sahihi. Alikufa jukwaani. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Njia ya haki inajulikana, na si ngumu. Waya wa kijani na njano kutoka kwenye plagi unakwenda moja kwa moja kwenye bati, kwa bolti yake, na washa ya meno inayokwaruza rangi, na nati mbili. Bolti hiyo haifanyi kazi nyingine yoyote, wala haishiki mguu wa transfoma. Kisha nyota ya sauti inaungwa na bati kwa waya mmoja. Pete ikisumbua, baina ya nyota na bati unaweka rezista ya ohmu 10, na sambamba nayo dayodi kubwa zilizogeuziana migongo. Mkondo mdogo wa mvumo unazuiwa na rezista. Mkondo mkubwa wa hatari unapita kwenye dayodi. Bati lenyewe linabaki ardhini siku zote.

Na bolti nyingine ya kuangalia: transfoma za duara, zile zinazofanana na mkate wa mofa, hufungwa kwa bolti moja katikati. Bolti hiyo ikigusa chini ya sanduku na kifuniko cha juu kwa pamoja, umeizungushia transfoma mzunguko mmoja wa chuma uliofungwa, na mkondo utakaopita humo utaunguza. Nimeshaletewa masanduku mawili matatu ya namna hiyo na wateja waliodhani transfoma ni mbovu.

Ilichukua mpaka miaka ya 1990 mtu kuketi na kuyapima mambo ya waya kwa mpangilio. Douglas Self, Mwingereza aliyetoka kwenye kazi ya kubuni meza za kuchanganyia sauti, alichapisha kuanzia Agosti 1993 mfululizo wa makala juu ya uharibifu wa sauti katika amplifaya, akiupa kila uharibifu namba yake. Za kwanza zilikuwa za transista. Lakini namba tano, sita na saba hazikuwa za transista hata kidogo: ethi ya kapasita iliyoungwa pasipofaa, waya za umeme zinazopita karibu na waya wa kuingizia sauti, na waya wa fidibeki uliochukuliwa sentimita chache kando ya mahali pake. Wajenzi walikuwa wamebishana miaka ishirini juu ya transista ipi ina sauti tamu, naye akaonyesha kwa mita kwamba kusokota waya mbili za umeme kunaweza kushusha uharibifu kuliko kubadilisha transista zote. Miaka miwili baadaye, Juni 1995, Mmarekani Neil Muncy akaandika katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti kwamba vifaa vingi vya studio, vya bei kubwa, vinaingiza skrini ya waya ndani ya sakiti badala ya kuiunga kwenye bati pale pale inapoingia. Viwanda vizima vilikuwa vimeukubali ule uongo wa vijistari vitatu.

Siku hizi Ngamiani bodi za amplifaya zinatoka China zikiwa tayari, nyingine ndogo kuliko kiberiti, na umeme wake ni adapta ya pini mbili isiyo na ethi. Vijana wanadhani habari za nyota zimepitwa na wakati. Adapta hizo zina kapasita ndogo baina ya upande wa moto na upande wa volti chache, kwa hiyo bati la amplifaya huelea karibu na nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno kudhuru, lakini ukipitisha mgongo wa kidole utasikia mtetemo. Halafu wanaunganisha kompyuta ya mkononi ambayo chaja yake ina pini tatu, na amplifaya ya pili kwa ajili ya besi, yenye pini tatu pia, na mvumo wa mwaka 1947 unarudi ukiwa mzima.

Dawa ninayowapa ni ya kale kuliko valvu. Ni transfoma ndogo ya sauti, ya uwiano wa moja kwa moja, koili mbili zisizogusana juu ya chuma kimoja. Kampuni za simu zilikuwa zikiitumia tangu karne ya 19 kutenganisha nyaya zao. Sauti inavuka kwa sumaku, ethi haivuki. Za bei rahisi hukata besi, kwa sababu chuma chake ni kidogo. Za chuma kizuri zinagharimu kuliko bodi yenyewe ya amplifaya, na wateja wengi wakishatajiwa bei huniuliza kama sina koleo la kukatia pini.